Mti wa Dodoki

Nimestaafu majuzi tu. Vijana wa karakana walininunulia saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo nitakapokuwa na haraka ya kujua saa, kisha wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ya modeli ilivyofanywa kabla ya hizi mashine zao za leza. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mishahara sizigusi. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, mkataji na mfagiaji, na kila mmoja wetu alikuwa navyo vyote.

Kwa asiyejua, modeli ni jengo dogo la kuweka mezani. Msanifu majengo ana michoro yake, lakini mwenye jengo mara nyingi hana subira ya kuisoma. Anataka kulizunguka jengo lake, ainame, achungulie madirishani, aseme "aa". Sisi kazi yetu ilikuwa kumfanya aseme "aa". Tulikuwa karakana ndogo katika Industrial Area, eneo la viwanda, nyuma ya duka la vipuri, meza nne na dirisha moja zuri.

Niliingia pale mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa mkataji nguo kwa fundi mmoja wa soko la Jericho, mtaa tuliokuwa tukiishi mimi na mume wangu. Siku ya kwanza nilifika na makasi yangu ya cherehani, yamenolewa, yamefungwa kwa kitambaa. Aliyenipokea ni Mzee Mutiso, Mkamba wa Wamunyu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyoshikwa na waya. Ujana wake wote alichonga vinyago vya kuuzia watalii. Alisema alichonga twiga mpaka wakaanza kumjia ndotoni, wanamtazama kutoka juu.

"Hiyo makasi ni ya nini?" akaniuliza.

"Ya kukata, Mzee."

"Makasi inauma karatasi pande mbili, inaiachia makunyanzi. Rudisha kwa kitambaa. Hapa ni kisu."

Kisu chake alikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno wa chuma, na mpini ukavishwa ngozi na fundi wa viatu wa Kariokor. Alinifundisha kukishika kama mtu anayeshika kalamu ya kuazima. Usikandamize. Pitisha kisu kwa wepesi juu ya mstari, upitishe tena, na tena, mpaka kadibodi iachie yenyewe. Dirisha huanzia pembeni kwenda katikati, halafu unageuza na kuanzia pembe ya pili, la sivyo kona zitapasuka. Na madirisha yote hukatwa ukuta ukiwa bado umelala mezani. Nilikata madirisha kwa majuma mengi kabla sijaruhusiwa kusimamisha ukuta hata mmoja, na mengi yakaenda kuwashia jiko la chai.

Vifaa vya dukani vilikuwa ghali na vilitoka ng'ambo, kwa hiyo tulitumia vilivyokuwa majumbani mwetu. Kadibodi bora kuliko zote ni ile inayokuja ndani ya shati jipya. Mzee alikuwa na urafiki na wenye maduka ya nguo kwa sababu hiyo tu. Kuta ndefu tulizikata kwenye kalenda za mwaka uliopita. Mabati tuliyafanya kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara: unaitandaza juu ya kitana chenye meno madogo, unaisugua kwa kalamu iliyokauka wino, na mistari inajitokeza. Mabomba yalikuwa mirija ya soda. Matangi ya maji yalikuwa vifuniko vya dawa ya kikohozi, na nyumbani kwangu Barasa, mtoto wetu, akikohoa nilihuzunika nusu tu. Udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa na kukaushwa. Miti ilikuwa dodoki, lile la kuogea, lililochanwa na kutiwa rangi ya kijani juu ya kijiti cha kiberiti.

Kosa moja msilirudie. Kuna wakati gundi nyeupe ilituishia, tukabandika jengo zima kwa uji wa unga wa ngano. Lilikuwa jengo zuri la ghorofa. Tulilifunika Ijumaa, na Jumatatu tukakuta mende wamekula ghorofa ya chini wakaacha ya juu imelala ubavu. Mzee alilitazama, akasema angalau tumejua ni tamu.

Jambo jingine mlijue mapema: watu hujenga kwa kuifuata modeli kuliko mchoro. Siku moja nilibakiwa na kijiti kimoja cha kiberiti, nikakilaza kando ya ukuta wa zahanati kwa uvivu wa kukitupa. Zahanati ilipojengwa, pale pale paliwekwa benchi. Mwenye zahanati alikiona kile kijiti kwenye modeli, akadhani ni benchi, akalipenda. Wagonjwa wamekalia uvivu wangu hadi leo.

Tulikuwa na sheria moja na desturi moja, na habari yangu yote imesimama juu ya hizo mbili. Sheria ilikuwa ya mwenye karakana: kilicho mezani hakitoki mlangoni. Wateja wetu walikuwa watu wa kushindana, na jengo la kesho ni siri ya leo. Kabla sijaja, kijana mmoja alimdokezea binamu yake habari za kiwanja fulani. Alifukuzwa yeye, na aliyekaa naye meza moja akafukuzwa pia, kwa kuwa ilisemekana hangekosa kujua. Mimi nilikaa meza moja na Mzee Mutiso.

Desturi ilikuwa ya Mzee mwenyewe, na aliiita jicho la nje. Modeli ikiisha, kabla ya kubandika kibao cha jina, alitoka hadi barabarani akamleta mtu yeyote asiyejua kusoma michoro: mvuta mkokoteni, askari wa geti la jirani, mama wa githeri aliyeuza mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alimsimamisha mbele ya meza akamwuliza swali lile lile, "Ukifika hapa, utaingilia wapi?" Mtu akishindwa kuuona mlango, tumeshindwa sisi. Mama wa githeri aliwahi kusema angeingilia dirishani, na kweli, mlango tulikuwa tumeupaka rangi ya dirisha. Mwenye karakana hakuikataza desturi hiyo kwa sababu modeli isiyo na jina ni jengo tu, na mpita njia hawezi kujua ni la nani.

Sasa, mume wangu Wekesa alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nguo, barabara mbili kutoka kwetu. Boila ndilo pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye mashine. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akapewa lile boila, na tangu hapo alilisema kama watu wanavyosema ng'ombe wa kwao: limeamkaje, limekunywaje, nani amelikasirisha. Mafuta yake hayakutoka kwenye kucha zake hata siku ya harusi yetu.

Miaka ile mitumba ilijaa soko la Gikomba, na viwanda vya nguo vilikuwa vikikohoa kimoja baada ya kingine. Cha Wekesa kilikuwa bado kizima, au tuliamini hivyo. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu, msimamizi wa kiwanda cha mikate hapo hapo Industrial Area, akamjia. Fundi wao wa boila alikuwa anarudi nyumbani kwao kwa uzee. Akasema nafasi ile anamshikia Wekesa mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi ukiisha ataitangaza.

Wekesa alicheka. "Boila ya mikate? Hiyo ni birika."

Juma lile lile msanifu mmoja alituletea michoro ya kazi mpya. Niliitandaza mezani, na kabla sijasoma neno nikajua ni wapi. Lilikuwa lile paa la meno kama ya msumeno, na tangi la maji kwenye miguu minne. Kilikuwa kiwanda cha akina Wekesa. Ukumbi wa mashine ulibaki kuta tupu, na juu yake pameandikwa godauni. Milango ya ubavuni ilipanuliwa. Chumba cha boila na bomba lake la moshi, chimni kama Wekesa alivyoliita, vilikuwa na mistari ya vinukta, na mistari ya vinukta katika kazi yetu maana yake ni kitu cha kubomolewa. Pale palikuwa uwanja wa kugeuzia lori. Msanifu alisema mnunuzi ameshakubaliana na wenye kiwanda, bado kutangaza tu.

Sikuwahi kuichukia kazi yangu kabla ya siku hiyo. Niliijua habari iliyokuwa ya mume wangu kuliko ya mtu mwingine yeyote, na nikiitoa, mimi na Mzee tungekuwa nje ya geti. Mzee alikuwa na miwani ya waya na mgongo uliokwisha kupinda, na hakuna ambaye angemwandika kazi tena. Nikinyamaza, Wekesa angeikataa mikate kwa kicheko, kisha akute geti limefungwa mnyororo.

Nyumbani nilijaribu njia ya kando.

"Baba Barasa, hiyo kazi ya mikate si mbaya. Utakuwa unaleta mkate."

"Mkate unauzwa hapo kwa kiosk."

"Na moshi ni kidogo."

Aliacha kutafuna akanitazama. "Una nini na mkate wewe? Wiki nzima ni mkate, mkate. Hiyo boila nikiacha, nani ataiwasha?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la meza ya kazini, na hilo halitoki mlangoni. Nilimwongezea mboga.

Kazini niliendelea kujenga. Niliinua kuta za ukumbi kwa kalenda, nikazitia mbavu za kadibodi nene kwa ndani ili zisijikunje, kwa maana kadibodi ikipakwa gundi upande mmoja hugeuka mashua. Nilikunja meno ya paa moja moja juu ya ukingo wa rula. Uwanja wa lori niliufanya kwa kadibodi ya kijivu isiyopakwa kitu, laini, bila alama hata moja. Nilikuwa na hasira, na hasira na kisu havikai meza moja, nikajikata kidole.

"Mama Barasa," Mzee akasema bila kuinua kichwa, "leo kisu hakikutii."

"Ni baridi, Mzee."

"Mwezi wa pili?"

Nilifunga kidole kwa kitambaa nikaendelea kukata. Lakini Mzee alimjua Wekesa. Mara nyingi saa ya chakula cha mchana Wekesa alipitia getini kwetu tutembee pamoja hadi kwa mama wa githeri, amevaa ovaroli yenye jina la kiwanda mgongoni, herufi kubwa, na Mzee alikuwa na macho ya kutosha kusoma herufi kubwa.

Mwezi ulikuwa unayoyoma modeli ilipokamilika. Ilibaki kibao cha jina tu. Nilidhani ataitwa mama wa githeri kama kawaida.

"Huyo ameshazoea," Mzee akasema. "Siku hizi anaangalia kama msanifu."

Akatoka. Mwenye karakana alikuwa ofisini kwake, nyuma ya kioo, anatuona. Mzee aliporudi alikuwa na Wekesa nyuma yake. Ovaroli ilikuwa imevuliwa mabega na kufungwa kiunoni kwa mikono ya nguo yenyewe, na lile jina la mgongoni halikuonekana popote. Baadaye Wekesa aliniambia kwamba Mzee alimkuta getini akamwambia ndani kuna joto, ajipunguzie nguo.

"Nimeokota mtu barabarani," Mzee akasema kwa sauti ya kufika ofisini. Kisha akamgeukia. "Ndugu, angalia hii nyumba. Ukifika hapa, utaingilia wapi?"

Wekesa alinitazama kwanza, anashangaa kwamba hata sikumsalimu. Halafu akainama. Nilimwona anaanza kutabasamu, jinsi mtu anavyotabasamu akikutana na wa nyumbani mahali asipomtarajia.

"Kwa geti. Hapa." Akaweka kidole.

"Halafu?"

"Halafu napita kando ya huu ukuta. Askari anakaa hapa. Nazunguka tangi." Kidole kilikwenda polepole kando ya ukuta wangu wa kalenda, kikazunguka kifuniko cha dawa ya kikohozi, kikafika kwenye kona ya uwanja wa kijivu. Kikasimama. Akakikandamiza pale, kama anayejaribu kama pana kitu chini. "Halafu hapa..."

Tabasamu lilikaa usoni kidogo baada ya furaha kuondoka.

"Mama Barasa," akasema kwa sauti ndogo, "hapa umesahau kitu."

"Sijasahau."

"Hakuna chimni."

"Nimefuata mchoro. Hapo ni uwanja wa lori."

Nilikuwa nimejibu swali la modeli, na hilo lilikuwa halali. Nilikitazama kisu changu kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Niliogopa, na papo hapo nilisikia mzigo ukinitoka mabegani, na nikaona haya kwamba nasikia nafuu wakati yeye anaumia.

"Mlango umeuona?" Mzee akauliza.

"Nimeuona, Mzee."

"Basi ni hayo tu. Asante, ndugu."

Wekesa alitoka. Hatukwenda kwa mama wa githeri siku hiyo.

Alipoondoka niliona doa. Pale kidole kilipokandamiza, mafuta ya boila yalikuwa yameingia kwenye kadibodi ya kijivu, duara jeusi lenye mistari ya ngozi ya mtu. Nilijaribu kifutio, nikajaribu makombo ya mkate, ambayo huondoa uchafu mwingi. Mafuta yakishaingia kadibodi hayatoki. Kubadilisha uwanja wote kulitaka siku ambazo hatukuwa nazo, msanifu alikuwa anakuja jioni.

Mzee alikuja akasimama karibu nami, akaliangalia lile doa.

"Panda mti hapo," akasema.

Nilichana dodoki, nikalitia kijani, nikalipanda juu ya alama ya kidole cha mume wangu. Msanifu alipokuja alinung'unika kwamba mti haukuwa kwenye mchoro. Mnunuzi, aliyekuja naye, alizunguka meza, akainama, akasema "aa". Akasema mti ule unapendeza, uachwe.

Jioni hiyo Wekesa alikula ugali wake akamaliza. Akanawa mikono, akazikagua kucha zake.

"Kesho nitapitia kwa mikate," akasema.

"Sawa, Baba Barasa."

Angeniuliza ningelazimika kujibu, na nafikiri ndiyo sababu hakuuliza. Wengi husifu ndoa zinazozungumza. Yetu siku hiyo iliokolewa na mtu aliyejua kunyamaza.

Kazini kwake hakunyamaza kabisa. Aliwaambia wenzake kwamba mwenye kupata mlango mwingine auchukue. Walimcheka, wakamwita Bwana Mkate, na aliyemcheka zaidi ni Odhiambo, jirani yetu na rafiki yake wa miaka, aliyeendesha mashine ya kufuma. Mvua za masika hazijaisha, wakafika asubuhi moja wakakuta mnyororo getini. Odhiambo alikuja kwetu moja kwa moja, akasimama mlangoni, akakataa kuketi.

"Wewe ulijua," akamwambia Wekesa.

"Nilichoka na moshi."

"Ulijua, bro. Na hukuniambia vizuri."

Wekesa aliinamisha kichwa. Angeweza kusema kwamba alionya. Angeweza kusema kwamba mkewe angefukuzwa. Hakusema lolote, na Odhiambo hakukanyaga kwetu tena mpaka alipohamia kwao Siaya. Hilo nalo lilikuwa gharama ya ile modeli, na lililipwa na mtu ambaye hakuijenga.

Mara moja tu nilimwuliza Mzee Mutiso kwa nini alimchagua Wekesa. Alikuwa ananoa kisu.

"Nilihitaji mtu asiyejua michoro," akasema. "Desturi ni desturi."

Alipostaafu kurudi Wamunyu aliniachia kile kisu cha mpini wa ngozi. Nimekibadilisha makali mara nyingi, ngozi ni ile ile. Kiko kwenye droo ya meza ya dirishani, na vijana, mnaweza kukitumia, lakini msikitumie kufungulia rangi.

Sasa nimalizie. Nilipoiaga karakana, Wekesa alikuja kunichukua. Yeye alistaafu zamani kwenye mikate, mgongo unamsumbua, lakini alitaka tutembee. Tukapita ile barabara ya kiwanda cha zamani, ambayo kwa miaka alikuwa akiikwepa kwa kuzunguka. Godauni lipo, na lori zinaingia na kutoka. Kwenye kona ya uwanja umesimama mjakaranda mkubwa. Lori moja lilikuwa linarudi nyuma kuukwepa, dereva ametoa kichwa dirishani, utingo anapiga ubavu wa gari na kupaza sauti, "Kuja, kuja, simama."

Wekesa alisimama nje ya uzio akatazama kazi ile kwa dharau ya mtu aliyeendesha mitambo maisha yake yote.

"Sasa ni mjinga gani alipanda mti katikati ya njia ya lori?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Nikamweleza habari ya doa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakitoa mfukoni kile kidole, akakigeuza juani akakitazama. Kilikuwa safi kabisa, cha mzee wa kawaida.

"Nilidhani hapa hakuna changu kilichobaki," akasema, na tukasubiri pale mpaka lori likamaliza kuzunguka.